Maji Matamu, Maji ya Chumvi

Treni ilipoondoka Mtito Andei nilimgusa mzee wangu begani, nikamwonyesha vilima vya upande wa kulia. Nikamwambia huko nyuma, ndani ya Tsavo Magharibi, ndiko iliko chemchemi ya Mzima, na kwamba maji aliyokunywa siku ile aliyokuja kwetu Majengo, Mombasa, kuniposa yalitoka pale. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama kwenye mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, kisha maji yakachomoka Mzima yakiwa maangavu hata watalii wamejengewa chumba chini ya maji watazame samaki na viboko. Kutoka hapo bomba lililojengwa miaka ya 1950 huyapeleka Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 220.

Mzee wangu alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay. Kwao mtungi ukikauka mtu hubeba ndoo akateremka ziwani. Alitazama vilima vile, akanigeukia: "Mji umezungukwa na maji, halafu maji yaletwe kutoka Tsavo?"

Nilimwambia kwetu Pwani maji si mamoja. Kuna maji matamu na kuna maji ya chumvi, na mtu anayetaka kuzeekea Mombasa ayajue yote mawili kabla hajatoa shilingi yake.

Tulikuwa tunakwenda kutafuta fleti. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, mingi yake Nakuru. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilipofika 60 nikafungasha sare zangu, nikachukua robo ya pensheni kwa mkupuo kama sheria inavyomruhusu mtumishi wa umma, tukauza na kiwanja tulichokuwa nacho Nakuru. Jumla yake ilikuwa milioni 6 na nusu. Humo humo tulitakiwa kutoa bei ya nyumba, ada ya wakili na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Mtu mwenye hesabu kama mzee wangu alikuwa amekwisha kuandika kwenye karatasi: nyumba yenyewe isipite milioni 6. Watoto wetu watatu wako Nairobi na kila mmoja ana mzigo wake. Hatukutaka kununua kitu ambacho wao ndio watakaomalizia kukilipa.

Wenzangu wa kazini walishangaa kwa nini tunakwenda mwisho wa Mei. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na kusi imekwisha kukaa. Watu wa bara hupenda kuja Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, anga jeupe, bahari shwari, upepo wa kupangusa jasho. Wakati huo kila nyumba ya pwani ni nzuri. Mimi nilitaka kuiona nyumba siku inayopigwa. Nilitaka kuona dirisha linalovuja likivuja, ngazi inayoteleza ikiteleza, na mwani ukiwa umerundikana ufuoni. Nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote; mtu hapimwi siku aliyovaa nguo za sikukuu.

Tukashuka Miritini saa nane mchana, mvua ikipiga paa la stesheni, tukapanda matatu hadi mjini. Tulifikia kwa mdogo wangu, Majengo, katika nyumba ya bibi yetu. Ni nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ushoroba katikati, baraza mbele na ua nyuma. Nilizaliwa katika chumba cha pili mkono wa kushoto.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi, lakini ardhi haikuwa yake. Jambo hili watu wa bara hulisikia mara ya kwanza wakadhani limekosewa kusemwa. Mombasa ziko nyumba nyingi za namna hiyo, tunaita nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, paa ni lako, milango umechonga wewe, unaweza kuuza, kurithisha, kupangisha. Udongo ambao nyumba imesimama juu yake ni wa mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Bibi aliweka risiti zake kwenye kopo la biskuti, amezifunga kwa uzi, na kila alipozitoa alizihesabu kama mtu anayehesabu watoto kabla hawajalala. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba kopo lile ndilo lililoshikilia nyumba. Ukiacha kulipa, au mwenye ardhi akiuza kwa mtu asiye na huruma, unabaki na mawe na mabati yasiyo na mahali.

Ndiyo maana tulipoanza kuongea habari ya kununua fleti, jambo la kuishi juu ya kichwa cha mtu mwingine na chini ya miguu ya mtu mwingine halikunitisha kitu. Swali langu lilikuwa lile la bibi: ardhi ni ya nani, na risiti ziko wapi.

Asubuhi ya kwanza tulikula mahamri kwa mbaazi, tukavuka daraja la Nyali. Daraja hili la zege lilifunguliwa mwaka 1980. Mama yangu alivuka miaka yote kwa lile la zamani lililoelea juu ya maji tangu 1931, na mpaka anafariki alikuwa akilisimulia. Dalali alitungoja kwenye lango la jumba refu jeupe, karibu na ufuo. Kijana mwenye adabu, akaniita mamangu, akanishika mkono kupanda vipandio viwili vya mlangoni. Lifti ikatupeleka ghorofa ya saba.

Nitasema kweli: nilipofungua mlango wa roshani moyo uliniruka. Bahari nzima ilikuwa mbele yetu, ya kijivu, imechafuka, mawimbi yakivunjikia kwenye mwamba wa nje na mstari mweupe wa povu ukienda kusini hadi macho yanapochoka. Mzee wangu alisimama pale akaweka mikono yote miwili juu ya chuma cha roshani, asiseme neno. Nilimwona ameshaanza kupanga kiti chake kitakaa upande gani.

Mimi nilikuwa nikitazama chuma alichoshika. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya, lakini chini yake kutu ilikuwa imevimba kama jipu. Nikainua uso nikatazama roshani ya ghorofa ya juu kwa chini. Zege ilikuwa na ufa mwembamba, na kutoka kwenye ufa ule michirizi ya rangi ya kahawia ilikuwa imeshuka ukutani. Hiyo ni alama ambayo kila mnunuzi wa nyumba ya pwani anapaswa kuijua. Upepo wa bahari huchukua chumvi, chumvi huingia ndani ya zege taratibu mpaka ifike kwenye nondo, na nondo zikianza kushika kutu huvimba. Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma zege kutoka ndani, zege ikapasuka, na mpasuko ukawa mlango wa chumvi zaidi. Kwa nje unaweza kupaka rangi kila mwaka. Ndani ugonjwa unaendelea.

Nilimwuliza kijana jengo lina umri gani. Akasema miaka 16. Mara ya mwisho zege ilikarabatiwa lini? Hakujua. Kuna akiba ya ukarabati benki? Hakujua hilo pia, akaahidi kuuliza. Sikumlaumu. Yeye kazi yake ni kufungua milango.

Halafu nikaingia jikoni, nikafungua bomba, nikakinga maji kwa kiganja, nikaonja. Yalikuwa ya chumvi. Si chumvi ya bahari, bali ule ukali unaobaki nyuma ya ulimi, ambao mtoto wa Mombasa anaujua kabla hajajua kusoma.

"Maji ya wapi haya, mwanangu?"

"Ya kisima, mamangu. Tumechimba hapa hapa, hayakatiki."

Hayakatiki, ni kweli. Lakini Nyali yote inakaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa vitundu kama sponji. Maji ya mvua yanayozama humo ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kidogo, unapata matamu. Ukizamisha pampu ndani na kila jumba la jirani nalo likazamisha yake, ile bahari ya chini inapanda, na mwaka hadi mwaka bomba linazidi kuwa na chumvi. Mzee wangu ana presha. Nimempimia kila asubuhi kwa miaka tisa na nimemtoa chumvi kwenye mboga kidogo kidogo asitambue. Sikuja Mombasa kumrudishia chumvi kwenye chai.

Bei ilikuwa milioni 14 na nusu, kwa hiyo hata hivyo haikuwa yetu. Ada ya huduma ni shilingi 18,000 kila mwezi. Mzee wangu alipiga hesabu ndani ya lifti tukishuka: shilingi 216,000 kwa mwaka, na pensheni haipandi kwa kasi ya bei ya dizeli ya jenereta.

Usiku ule, kwenye baraza ya bibi, nilimweleza mdogo wangu kilichonitia hofu hasa. Ilikuwa habari niliyoisoma wakati ule wa Korona, ikanikaa. Tarehe 24 Juni 2021, katika mji mdogo wa Surfside kando ya Miami huko Marekani, jengo la fleti la ghorofa 12 lililojengwa ufuoni mwaka 1981 liliporomoka usiku, sehemu kubwa yake. Walikufa watu 98, wengine wakiwa wazee waliostaafu na kununua pale ili waione bahari. Miaka mitatu kabla, mhandisi alikuwa ameandika ripoti kueleza uharibifu wa zege karibu na bwawa la kuogelea. Gharama ya ukarabati ilifika dola milioni 15, na wenye fleti walikuwa wamebishana muda mrefu juu ya michango. Sisemi kwamba ubishi ule ndio ulioliangusha jengo. Wahandisi ndio wenye kusema. Lakini nilipokuwa nikisoma niliwaona wazee wale kwenye kikao, kila mmoja na pensheni yake isiyoongezeka, wakiambiwa watoe fedha ambazo hawakuzipanga. Nikajua ningeweza kuwa mmoja wao. Jengo la watu wengi ni kama chombo cha baharini. Kalafati ikitoka hakuna anayezama peke yake.

Siku ya pili tulivuka Likoni. Kivuko kilikuwa kimejaa, mvua ya manyunyu, wachuuzi wa korosho wakipita katikati ya miguu ya watu. Mpita kwa miguu halipi, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache, ila kungoja tulingoja. Diani ni pazuri sana, mchanga wake mweupe na laini kama unga, na fleti mbili tulizoziona hazikuwa mbaya. Lakini mimi niliiangalia ile safari kwa macho ya saa tisa za usiku, mtu kashikwa na kifua. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha mwenye gari kufika Miritini bila kivuko, nalo ni jambo kubwa, ila sisi hatuna gari na hatutanunua. Tukarudi jioni, na habari ya kusini ikaishia hapo.

Shanzu na Bamburi zilichukua siku nzima, tukipanda na kushuka tuktuk. Bamburi ndiko matumbawe yalikogeuzwa saruji tangu miaka ya 1950, na ndiko mtu aitwaye René Haller alikoanza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye mashimo yaliyoachwa na machimbo, mpaka jangwa lile la mawe likawa msitu. Nilimpeleka mzee wangu akauone kwa sababu tulikuwa karibu, na kwa sababu moyo ulihitaji kitu cha kupumzikia. Fleti tulizoziona siku hiyo zilikuwa za bei yetu. Moja ilikuwa ghorofa ya nne bila lifti, nikapanda ngazi nikizihesabu, vipandio 68, nikasema hapana kabla sijafika juu. Ngazi zile ningezipanda leo. Lakini sikuwa nikinunua kwa ajili ya leo.

Ya pili ilikuwa bado mchoro. Mwanamke mwenye sauti nzuri alituonyesha picha kwenye tableti, bwawa la bluu, minazi, watu wanaocheka. Ukilipa yote sasa, alisema, unapunguziwa milioni moja. Rafiki yangu tuliyesoma naye uuguzi alinunua picha kama hiyo, sehemu nyingine ya Pwani, kwa fedha yake yote ya kustaafu. Mwaka wa sita umefika, pale pana nguzo na nyasi, naye anaishi kwa binti yake, chumba kimoja na wajukuu. Kila nikimpigia simu hulitaja jambo hilo mwishoni, kwa sauti ya chini. Nilimshukuru mwanamke yule tukaondoka.

Wakili wa mjini tuliyekwenda kumwona asubuhi ya nne alitusaidia zaidi ya madalali wote. Alichora jengo kwenye karatasi. Zamani, alisema, ukinunua fleti Kenya ulipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi pamoja na hisa kwenye kampuni ya kusimamia jengo, na hati mama ya ardhi ikabaki kwa aliyejenga. Mjenzi akifa, akifilisika, au akiiweka hati ile rehani benki, mwenye fleti anahangaika. Sheria mpya ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, imebadilisha mambo. Ramani ya jengo inasajiliwa, kila fleti inapata hati yake kamili, hati mama inafungwa, na wenye fleti wote kwa pamoja wanakuwa chombo kimoja kisheria kinachosimamia paa, ngazi, matangi na ua. Kama ardhi ni ya kukodi, lazima iwe imebakiwa na miaka isiyopungua 21. Majengo ya zamani yalitakiwa yahamie kwenye utaratibu huu, na yako ambayo bado.

"Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji," alisema, "ni kama hati ya fleti hii imetoka, au bado kuna hati mama. Akikwambia iko njiani, nawe mwambie fedha zako ziko njiani."

Nilimsimulia nyumba ya bibi na lile kopo la risiti. Alicheka kwa upole, akasema yeye mwenyewe ni wa Majengo, na kwamba bibi angekuwa mteja mzuri. Kisha akatuonya kuhusu jambo moja ambalo madalali hulitaja kama zawadi: ufuo wa fleti. Ufuo wa fleti haupo. Katiba ya mwaka 2010 imesema wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya mchanga ambao ni wako tayari, wewe na mvuvi na mtoto anayeuza mabuyu. Unacholipia ni njia ya kuufikia, na njia hiyo uiulize: imepita kwenye kiwanja cha nani, na ina lango?

Mtwapa tulifika siku ya tano, mvua imekatika. Mtwapa ni kelele, sitamficha mtu. Barabara kuu ni muziki usiku na mchana. Lakini ukiingia ndani kuelekea upande wa mto, kwa maana ya ule mkono wa bahari unaoingia bara, sauti zinazimika, unaanza kusikia kunguru na adhana, na kuna miembe mikubwa ambayo hakuna aliyepata moyo wa kuikata.

Kabla ya kuiona fleti niliomba twende kwanza Jumba la Mtwana, hatua chache kaskazini ya mto. Ni mahame ya mji wa Waswahili uliojengwa karne ya 14 na kuachwa karne ya 15. Kuta za mawe zimesimama chini ya mibuyu, milango, vyoo, vyumba vya ndani, na karibu kabisa na maji kuna msikiti wenye birika lake. Tulikuwa peke yetu. Maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa mpaka chini ya ukingo, na nilimweleza mzee wangu kwamba baada ya saa sita hivi yatakuwa yameshuka kiasi cha mita nne na watu watatembea kwa miguu hadi kwenye mwamba. Yeye ziwa lake halina kupwa wala kujaa. Alikaa juu ya jiwe akataka kusubiri aone.

Nilikaa naye nikilitazama birika lile. Watu waliokaa hapa walikuwa na bahari mlangoni, na bado walijenga mahali pa kuhifadhi maji matamu kwa mawe na chokaa, kwa uangalifu ule ule waliojengea kibla. Huko Gedi, karibu na Watamu, waliofukua mahame walikuta kisima kilichoongezwa kina, na mojawapo ya maelezo ya kuhamwa kwa mji ule ni kwamba maji ya chini yalishuka. Kama ndivyo, hakuna bahari iliyowakimbiza. Waliondokewa na ndoo ya maji.

Fleti yenyewe ilikuwa katika jengo la ghorofa tatu, fleti 12 tu, umri wa miaka tisa, dakika 15 kwa miguu kutoka majini. Ghorofa ya kwanza, vipandio 17. Haioni bahari. Dirisha la sebule linatazama mwembe na ukuta wa jirani. Ukitaka bahari unapanda juu ya dari kunakoanikwa nguo, na hapo unauona mto na, siku ya anga safi, kipande cha bahari wazi. Bei walianza milioni 5.9. Ada ya huduma shilingi 6,500.

Nilifanya mzunguko wangu. Chini ya roshani, hakuna michirizi. Vyuma vya madirisha ni alumini, na bawaba za milango ni za chuma kisichoshika kutu. Ukutani mwa chumba cha kulala, upande wa kusi, palikuwa na unyevu kiasi cha sahani, na muuzaji, mama mzee aliyekuwa akihamia kwa mwanawe Malindi, alinionyesha yeye mwenyewe kabla sijauliza. Nikafungua bomba la jikoni, nikaonja.

Matamu.

"Ya Baricho," alisema jirani aliyekuwa amesimama mlangoni na leso yake begani, "kutoka mto Sabaki. Lakini hayaji kila siku, dadangu, nisikudanganye. Njoo uone."

Alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, na ndiye mweka hazina wa jengo. Alinipeleka kwake, akatoa kabatini daftari la shule lenye jalada la bluu. Ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko uliosimama wima, alikuwa ameandika kila siku maji ya mfereji yalipokuja, saa ngapi yalianza, saa ngapi yalikatika, na matangi yalijaa kiasi gani. Miaka minne. Wiki nyingi yalikuja siku mbili, mara nyingine tatu. Kulikuwa na mwezi mmoja wa kiangazi ambao yalikatika siku 19, na pembeni ameandika malori ya maji waliyonunua, bei ya kila lori, na mgao wa kila fleti. Nyuma ya daftari kulikuwa na hesabu ya akiba: kila mwezi shilingi 1,000 za kila fleti zinawekwa kando kwa ajili ya paa na rangi ya nje, na alikuwa na karatasi za benki kuthibitisha.

Nilisoma daftari lile kama nilivyozoea kusoma faili la mgonjwa, kwa kidole, mstari kwa mstari. Katika siku tano hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha siku zake mbaya. Mzee wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Alipofika kwenye zile siku 19 alizijumlisha gharama kichwani, akanong'ona kwamba jumla yao ni sahihi.

Wakili alikwenda ofisi ya ardhi ya Kilifi kufanya uchunguzi. Hati ya fleti ilikuwa imetoka, kwa jina la yule mama, bila rehani. Tulikubaliana milioni 5 na nusu, asilimia 10 ikiwa malipo ya kwanza baada ya kutia saini. Nilimwambia mzee wangu mara ya mwisho kwamba kama roho yake bado iko kwenye ile roshani ya Nyali, aseme sasa, tungoje mwaka mwingine, tutafute njia. Alifikiri. Akasema bahari ya Nyali aliiona, na kwamba ya Mtwapa ataifuata kwa miguu kila asubuhi, na daktari amekuwa akimwambia atembee tangu mwaka juzi.

Jioni kabla ya kupanda treni, yule jirani alituita tungoje maji. Ilikuwa Ijumaa, siku yao. Tulikaa watano kwenye ngazi, yeye na mama mzee na kijana mlinzi na sisi wawili, umeme umekatika, taa ya kandili kati yetu, kahawa tungu na kashata. Waliongea habari za watu nisiowajua bado. Ilipopata saa nne na dakika ishirini mlinzi aliinua kidole, wote wakanyamaza. Kwanza ilikuwa pumzi tu ndani ya bomba, hewa inayosukumwa. Kisha kitu kikakohoa chini ya ardhi, na sauti ya maji ikaanza kuanguka ndani ya tangi tupu.

Jirani alivuta daftari mapajani, akaniomba nimshikie taa, akaandika.